Kioo Kinachoutia Mwanga Nguvu

Kioo cha dirisha hupitisha mwanga, na kioo cha kandili huukinga moto na upepo. Wala hakuna kati ya hivyo viwili kitoacho nuru ya kwake. Kipo, hata hivyo, kioo kilichotiwa metali iitwayo erbiamu, ambacho hujibu mwanga ukipitao kwa kuuongezea mwanga mwingine. Mazungumzo na maandishi yatokayo Kampala, Kigali au Bujumbura kwenda Ulaya hukitegemea kioo hicho, ingawa kimelala chini ya bahari.

Erbiamu iligunduliwa mwaka 1843 na Carl Gustaf Mosander, mkemia wa Sweden, katika mawe ya kijiji cha Ytterby, nacho ndicho kilichoipa jina. Huhesabiwa miongoni mwa metali adimu, ijapokuwa uadimu wake si mkubwa sana. Tabu hasa ni kuitenga na nduguze, maana hufanana mno.

Habari za simu na intaneti husafiri zikiwa mimweko ya mwanga ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Kioo hicho ni safi ajabu, lakini kila baada ya kilomita 15 hivi nusu ya mwanga hupotea. Kwa mwendo wa Kampala hadi Jinja, yapata kilomita 80, hubaki sehemu 1 tu kati ya 40. Mwanga huo utavukaje bahari?

Katika waya wa kwanza wa nyuzi za kioo uliovuka Atlantiki mwaka 1988, mwanga uliofifia ulibadilishwa kuwa umeme, kisha umeme ukafanywa mwanga tena. Vyombo vya kazi hiyo vilikuwa vya gharama, tena vilifungwa kwa kasi moja; aliyetaka kupitisha habari nyingi zaidi hakuwa na njia.

Mwaka 1987 David Payne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walikwisha kuonyesha njia nyingine. Uzi wa meta chache hutiwa erbiamu kidogo sana, pungufu kuliko chumvi katika chungu cha mboga. Leza ndogo huumulika uzi huo, na atomu za erbiamu huinywa nguvu ya leza na kuihifadhi. Huweza kuishika kwa muda wa kama sehemu 1 ya 100 ya sekunde, muda mrefu kwa mambo ya atomu. Mmweko dhaifu ukipita wakati huo, atomu huachilia mwanga ulio sawa na ule upitao, wa rangi ile ile na uelekeo ule ule. Mmweko huingia umechoka, hutoka na nguvu.

Mwanga huo hauonekani kwa macho. Lakini ndani ya maabara uzi wenyewe mara nyingi huwaka kijani, kwa kuwa baadhi ya atomu hunywa nguvu mara mbili.

Pwani ya Afrika Mashariki ilingoja. Hadi mwaka 2009 habari za kwenda ng'ambo zilipitia setilaiti, kwa bei kubwa. Mwaka huo waya wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na wa TEAMS ukaunganisha Mombasa na Fujairah. EASSy ukafuata mwaka 2010. Nchi zisizo na bahari zilijiunga kwa nyuzi zilizopitishwa nchi kavu hadi pwani. Umeme wa leza zilizoko baharini hupelekwa kutoka ufukweni, ndani ya waya ule ule.