AKIBA ISIYOLINDWA HUOZA

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, majira ya baridi ya mwaka 1947 yaliwafunza Waingereza kwamba usemi huo una sharti lake: akiba haiozi iwapo ina mlinzi.

Sisi tukaao karibu na Ikweta huiona theluji kwa mbali tu, juu ya vilele vya Rwenzori. Kule Uingereza huteremka hadi bustanini. Katika miji ya nchi hiyo mna vishamba vya mboga ambavyo mabaraza huwakodisha wananchi, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na mita za mraba zipatazo 250. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, na nyambizi za Ujerumani zikawa zinazamisha meli za chakula, Serikali iliwahimiza raia walime kila kipande cha ardhi. Kufikia mwaka 1943 vishamba hivyo vilikadiriwa kuwa 1,400,000. Hata handaki la ngome kongwe ya London lilipandwa mboga.

Amani ilirejea mwaka 1945, lakini dhiki haikuondoka. Mkate, ambao wakati wa vita uliuzwa bila kipimo, ulianza kugawiwa kwa kipimo mwezi Julai 1946. Ndipo, mwishoni mwa Januari 1947, theluji ilipoanza kuanguka, ikaendelea hadi katikati ya Machi.

Desturi ya wakulima ilikuwa kurundika viazi juu ya majani makavu, kuvifunika kwa majani mengine, kisha kwa udongo. Baridi ya kawaida haikuweza kupenya humo. Ya mwaka ule ilipenya. Tani zipatazo 70,000 za viazi ziliharibika, na kabla mwaka haujaisha, viazi navyo vikawa vya kugawiwa kwa kipimo.

Basi mwenye kishamba hufanya nini majira hayo yanapokaribia? Huligeuza shamba kwa sepeto na kuyaacha madongoa yalivyo. Maji yaliyomo huganda, huvimba, na kuyapasua madongoa yenyewe. Hufunika karoti kwa majani makavu, hukung'uta theluji iliyolemea nyavu za kuzuia njiwa, hufunga maji ya bomba kabla hayajaganda na kulipasua, na husafisha zana zake na kuzipaka mafuta. Udongo uliolowa haukanyagi, maana hushindiliwa ukawa mgumu. Naye hupata ujira wake: sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi, kwa kuwa mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari ili usigande upesi.

Kazi hizi zote hufanywa wakati hakuna kinachoonekana kukua. Askari aliyewahi kushika lindo la saa tisa za usiku ataelewa: hakuna tukio, hakuna wa kumsifu, lakini usalama wa asubuhi umo mikononi mwake.

Kambi nyingi zina mashamba yao. Hatuna theluji, bali tunao mvua, fukusi na panya. Ndugu askari, siku ya mavuno kila mtu huwa mkulima. Ulizeni ni nani aliyekagua ghala jana, na kama paa lake lavuja.