Redio ya Wembe

Januari 1944 majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Anzio, pwani ya Italia, na Wajerumani wakayabana pale kwa miezi minne. Mahandakini, askari waliunda redio kwa vitu walivyokuwa navyo: waya uliozungushwa kwenye kipande cha mbao, wembe wa kunyolea, pini, risasi ya penseli na hedifoni. Betri hakuna. Nguvu yote iliyotikisa hedifoni ilitoka kwenye mnara wa stesheni, ikasafiri hewani hadi kwenye waya wao.

Waya ulinasa kila kitu. Wembe je, ulifanya nini?

Stesheni ya mawimbi ya kati inayorusha kwa kilohezi 1,000 huusukuma umeme mbele na nyuma mara 1,000,000 kwa sekunde. Sauti ya mtangazaji hutikisika mara mamia tu, au elfu chache. Mtambo hulipandisha wimbi kimo sauti inapopanda, na kulipunguza kimo sauti inaposhuka. Ukilichora wimbi hilo kwenye karatasi, utaiona sauti kwenye mstari unaounganisha ncha za juu, kisha utaiona tena, imepinduliwa, kwenye ncha za chini.

Hapo ndipo penye kikwazo. Kiwambo cha hedifoni ni kizito mno kufuata mitikisiko milioni. Hufuata wastani wake tu. Na wastani wa wimbi hilo ni sifuri, kwa kuwa kila msukumo wa mbele hufutwa na wa nyuma. Wimbi limejaa maneno, lakini hedifoni iko kimya.

Dawa yake ni kulikata. Risasi ya penseli inapogusa tabaka la oksidi juu ya wembe, umeme hupita kwa urahisi upande mmoja na kuzuiwa upande wa pili. Zikibaki ncha za upande mmoja, wastani hauwi sifuri tena: unapanda na kushuka pamoja na sauti. Askari alihamisha pini iliyoshika risasi hiyo polepole juu ya wembe, akitafuta kidoa kinachofaa, maana sehemu nyingine haikutoa kitu. Kwangu hili ni moja ya mambo mazuri kabisa katika fizikia: sauti inapatikana kwa kutupa nusu ya kilichopokewa.

Ferdinand Braun aliiona tabia hiyo ya kupitisha umeme upande mmoja mwaka 1874, katika madini ya sulfidi, redio ikiwa bado haijazaliwa. Mwaka 1904 Jagadish Chandra Bose wa Kolkata alipewa hataza nchini Marekani kwa kifaa cha kunasia mawimbi kilichotumia madini ya galena.

Katika redio ndogo za transista za zamani, kazi ya wembe inafanywa na daiodi ya gerimani, kijipande cha kioo chenye mstari wa rangi upande mmoja. Gerimani huanza kupitisha umeme kwenye volti 0.2 au 0.3, silikoni ya kawaida hungoja kama 0.6, na stesheni dhaifu huharibika hapo. Kando ya daiodi kuna kapasita na rezista. Kapasita ni kama tangi linalojazwa na kila ncha ya wimbi, na rezista ni tundu linalolivujisha. Nanofaradi 10 kwa omu 5,000 hutoa muda wa maikrosekunde 50. Redio nyingi hulishusha wimbi hadi kilohezi 455 kabla ya daiodi, kwa hiyo ncha hufika kila maikrosekunde 2.2 na tangi halipungui sana kati ya ncha mbili. Lakini mtikisiko mmoja wa sauti ya hezi 1,000 huchukua maikrosekunde 1,000, muda wa kutosha kuufuata. Fundi akiweka kapasita kubwa mno, tangi huchelewa kushuka, na sauti nyembamba hukwaruza.

Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa. Radi nayo hurusha mawimbi, na yakifika huongeza kimo. Daiodi haitambui kipi ni cha mtangazaji na kipi ni cha radi, ndiyo maana mawimbi ya kati hupasukapasuka mvua inapokaribia. Edwin Armstrong alipata hataza za FM mwaka 1933 kwa kuiondoa sauti kwenye kimo na kuiweka kwenye masafa. Kipokezi chake kilizifyeka ncha zote zikawa sawa kabla ya kusoma chochote, na sehemu kubwa ya kelele za radi ikaenda nazo.