Jina la Chuo na Uzito wa Shahada

Mzazi anayelipa ada ya chuo kikuu hununua kitu asichoweza kukijaribu kabla ya kukilipia. Ubora wa shahada hudhihirika baada ya miaka mitatu au zaidi, mhitimu anapoketi mbele ya mwajiri. Kwa sababu hiyo wengi huchagua kwa kufuata jina la chuo. Si vibaya, ila yafaa kujua jina hilo hutokana na nini.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilifundisha sheria katika jengo la TANU, mtaa unaoitwa leo Lumumba, na kiliegemea sifa ya London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 kikasimama peke yake. Tangu hapo sifa yake imebebwa na wahitimu wake. Sifa ya namna hiyo hukua polepole, tena hukua kwa fani: umaarufu wa kitivo cha sheria haudhamini programu ya kompyuta iliyoanzishwa juzi.

Orodha za kimataifa zisomwe kwa tahadhari hiyohiyo. Katika orodha ya QS, asilimia 30 ya alama hutokana na maoni ya wanataaluma na asilimia 15 maoni ya waajiri. Hayo hayamwelezi mwombaji iwapo maabara ya kozi yake ina vifaa.

Hapa Tanzania, swali la kwanza liwe la ithibati. Chuo chaweza kuwa kimesajiliwa ilhali programu mojawapo haijaidhinishwa. Kwa hiyo tafuta jina la programu yenyewe katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Anayekwenda kusoma ng'ambo aulize Tume kuhusu utambuzi wa tuzo kabla ya kulipa, si baada ya kurudi. Zipo pia taaluma ambazo shahada pekee haitoshi: mhitimu wa uhandisi, kwa mfano, huhitaji kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Kisha kiulize chuo wahitimu wake wa karibuni wa programu hiyo wanafanya kazi wapi. Jibu la kukwepa nalo ni taarifa. Ukiamua kujiunga, tunza barua ya udahili, stakabadhi za ada na tangazo lililokuvutia. Malalamiko yasiyo na nyaraka ni vigumu kuyashughulikia.