Bati Linapotoa Jasho: Unyevu, Baridi na Kifua katika Nyumba za Nangwa

Hutokea Nangwa, hasa kati ya Juni na Agosti, kwamba mvua haijanyesha kwa majuma kadhaa, mlima Hanang unaonekana wazi hadi kileleni, na bado mtoto huamka alfajiri blanketi lake likiwa limelowa. Baba hupanda juu ya paa kutafuta tundu. Halioni. Fundi huitwa, naye hupaka lami kwenye kila msumari, hulipwa fedha zake na kuondoka. Asubuhi inayofuata matone huanguka palepale. Wazee huwa na jina la jambo hilo kabla ya mafundi kulieleza: bati limetoa jasho.

Jasho hilo halikutoka nje ya nyumba. Limetoka vifuani mwa waliolala humo. Hewa hubeba maji yasiyoonekana kwa macho, na kadiri inavyokuwa na joto ndivyo iwezavyo kubeba mengi zaidi. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba kiasi cha gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, uwezo wake hushuka hadi gramu 9 na ushei. Ziada hulazimika kugeuka maji, na hugeuka pale penye ubaridi mkali zaidi: kwenye kioo, kwenye pembe ya ukuta wa nje, na zaidi ya kote kwenye bati. Bati ni jembamba, halihifadhi joto. Usiku usio na mawingu hulitupa joto lake angani hata likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na ndiyo maana usiku wa nyota nyingi ndio usiku wa matone mengi.

Hesabu ya chumba kimoja inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kina mita za ujazo 22 na nusu. Katika nyuzi 15, hewa yote iliyomo haiwezi kubeba hata gramu 300 za mvuke. Mtu aliyelala hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi, kiasi cha gramu 40 kwa saa. Watu wanne wakilala saa nane hutoa karibu lita moja na robo, yaani zaidi ya mara nne ya uwezo wa hewa ya chumba kizima. Ikiwa mlango umefungwa, dirisha limefungwa na nyufa zimezibwa kwa matambara, maji hayo hayana pa kwenda ila kwenye bati, kwenye lipu, na ndani ya godoro. Taa ya chemli huongeza yake, kwani kila lita ya mafuta ya taa inayoungua huzaa takriban lita nzima ya maji. Gesi ya kupikia nayo, inayosifiwa kwa haki kwa kutokuwa na moshi, hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke kwa kila kilo inayoungua.

Nyumba za zamani za Wairaqw hazikuwa na shida hii. Tembe ya Mbulu, ambayo mara nyingi ilichimbwa kwenye mteremko na kuezekwa kwa miti na udongo, ilikuwa na paa nene lisilopoa upesi, na kuta zake za udongo zilinywa mvuke usiku na kuuachia mchana. Kwa lugha ya wajenzi wa leo, ilikuwa nyumba iliyohamiwa joto barabara. Lakini hakuna daktari wa kifua atakayeililia. Moshi wa jiko ulikaa humo pamoja na watu na ndama, na katika tembe za Tanzania ya kati nyufa za udongo zilihifadhi papasi waletao homa ya kujirudia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wengi, na katika miongo iliyofuata tofali na bati vilichukua nafasi ya udongo. Moshi ulipungua, papasi wakapungua, jasho la bati likaingia.

Sasa limekuja badiliko jingine. Mwenye uwezo hupiga dari ya jipsamu, huweka madirisha ya aluminiamu yanayofungwa kabisa badala ya mbao zilizopitisha upepo, huziba matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya dirisha kwa sababu yanaleta vumbi, na wengine hutandaza tabaka la kuhami joto juu ya dari. Nia ni njema. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha chini cha joto la ndani kwa watu wa maeneo yenye baridi, na kuna usiku mwingi Hanang ambapo chumba cha bati tupu hakifikii hapo. Mzee mwenye shinikizo la damu na mtoto mchanga wana haki ya joto.

Hata hivyo, kuhami joto bila kufikiria mvuke ni kuhamisha maji kutoka mahali yanapoonekana hadi mahali yasipoonekana. Dari iliyohamiwa hubaki na uvuguvugu upande wa chini, na hilo ni jema, kwa kuwa matone hayafanyiki tena juu ya kitanda. Lakini bati lililo juu yake, likiwa limenyimwa joto la chumba, huwa baridi kuliko awali. Mvuke hupenya kwenye tundu la waya wa taa na kwenye kingo za dari, hulifikia bati, hugeuka maji na kudondoka juu ya kile kilichowekwa kuhifadhi joto. Kihami joto kilicholowa hakihami tena. Jipsamu hupata madoa ya kahawia, hulegea na kubonyea. Wamarekani walilipata somo hili katika miaka ya 1930, walipoanza kujaza vihami joto katika kuta za mbao: rangi ilibanduka kwa nje na wapakaji wakazilaumu nyumba zilizohamiwa. Walirudia kujifunza baada ya kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, kila ufa ulipozibwa ili kubana matumizi.

Kwa mtaalamu wa afya, swali halihusu jipsamu. Mahali ambapo unyevu juu ya ukuta unabaki zaidi ya asilimia 80 kwa muda, kuvu huota, iwe kwenye lipu, kwenye ubao wa kabati au nyuma ya sanduku la nguo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi uliokuwapo na kuhitimisha kwamba wakaaji wa nyumba zenye unyevu na kuvu hupata zaidi dalili za njia ya hewa, maambukizi ya mfumo wa hewa na kuzidi kwa pumu. Viroboto vumbi, wadudu wasioonekana wanaoishi magodoroni, nao hustawi penye unyevu. Kwa hiyo mtoto wa pumu anayerudi kliniki kila mwezi, anayetumia pampu yake sawasawa na bado anakohoa alfajiri, anastahili kuulizwa swali ambalo halimo katika fomu nyingi: analala wapi, na ukuta ulio karibu na kichwa chake una rangi gani?

Kundi jingine husahaulika zaidi, nalo ni la waliopona kifua kikuu. Ugonjwa huo unaweza kuacha mashimo katika mapafu, na fangasi wa Aspergillus, ambao mbegu zao hupeperuka hewani kila mahali na kwa wingi zaidi penye uozo na ukungu, huweza kufanya makazi humo. Mgonjwa hukohoa kwa miezi, hupungua uzito, pengine hutema damu. Kipimo cha GeneXpert hakionyeshi bakteria, na bado huanzishiwa tena dawa za kifua kikuu kwa sababu dalili zinafanana. Picha ya kifua yenye shimo lililo na mpira ndani yake inapaswa kumfanya mhudumu asite na kumpeleka mbele kwa uchunguzi. Hanang ni wilaya ya ngano, na mabua makavu ni kihami joto cha bure ambacho yeyote angeweza kukiwazia. Ila mabua yaliyolowa na kuota kuvu yanajulikana kwa kusababisha ugonjwa uitwao mapafu ya mkulima, homa na kubanwa pumzi saa chache baada ya kuyavuta mavumbi yake. Juu ya dari inayodondokewa, mabua si mahali pake.

Hapa ndipo penye mvutano wa kweli. Ushauri wa kufungua dirisha hutolewa kirahisi na mtu anayelala penye joto. Familia ya Nangwa imeziba nyufa kwa sababu baridi inaumiza, na ikishaziba huingiza jiko la mkaa ili kupata joto. Mkaa hautoi moshi mwingi wala mvuke mwingi, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa salama, ilhali hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Watu kadhaa wa nyumba moja wanaoamka pamoja na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, bila homa, wasipewe dawa ya malaria kwa mazoea. Na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimtulize mhudumu: hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, hivyo huweza kusoma asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Sumu hiyo huhitaji saa 4 hadi 6 kupungua kwa nusu mwilini mtu anapovuta hewa ya kawaida. Akipewa oksijeni kamili kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Oksijeni ianze kabla ya kusubiri uthibitisho.

Kabla ya kutumia fedha, mwenye nyumba ajue maji yake yanatoka wapi. Doa linalopanda kutoka sakafuni na kuishia chini ya kimo cha mita moja, likiacha chumvi nyeupe, ni maji ya ardhini. Doa linalofuata mvua ni paa linalovuja. Kuvu penye pembe za juu na nyuma ya kabati, pamoja na vioo vinavyotiririka asubuhi, ni mvuke wa ndani. Penye shaka, kipande cha nailoni kibandikwe ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote na kuachwa siku mbili: matone yakitokea upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba, yakitokea nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani.

Dawa ya mvuke wa ndani haina ulazima wa kuharibu joto. Dari izibwe vizuri kwa chini, kwenye kingo na kwenye matundu ya waya, halafu nafasi iliyo kati ya dari na bati iachwe ipumue: hewa iingie upenuni na kutokea karibu na kofia ya paa, kwa matundu yaliyofunikwa wavu wa kuzuia mbu, ndege na popo. Chumbani, tundu dogo la juu libaki wazi usiku, upande usiopigwa na upepo. Asubuhi madirisha ya pande mbili yafunguliwe kwa robo saa. Hewa hubadilika lakini kuta hazipoi, nazo ndizo zenye akiba ya joto. Kitanda kisogezwe kiganja kimoja kutoka ukuta wa nje, nguo zianikwe nje, chungu kifunikwe. Kuvu ikishaota ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kamwe isipigwe brashi ikiwa kavu, na anayeifuta asiwe mwenye pumu.

Katika vituo vya afya vya nyanda za baridi mvutano huu hauna suluhisho moja. Wodi ya kawaida, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, huhitaji lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba cha mwenye ugonjwa unaoenea kwa hewa huhitaji 160. Uchunguzi uliofanyika katika hospitali 8 za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyo wazi zilibadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vya kisasa vyenye mashine. Mgonjwa wa kifua kikuu, basi, alazwe penye madirisha wazi, avikwe kofia, soksi na mablanketi ya kutosha. Chumba cha kuzalia kinadai kinyume chake: nyuzi 25 na pasiwe na upepo, kwa sababu mtoto aliyelowa maji ya uzazi hupoteza joto kwa dakika chache. Humo dari izibwe na kuhamiwa, madirisha yafungwe wakati wa kujifungua, na yafunguliwe mara tu mama na mtoto wake, wakiwa wamegusana ngozi kwa ngozi chini ya blanketi moja, wanapohamishiwa chumba kingine.