Redio ya ng'ambo: Soma mgongoni kabla ya kuichomeka

HUENDA una mtoto au ndugu anayeishi ng'ambo. Huenda siku moja atarudi likizo akiwa na sanduku zito lililofungwa kwa kamba, na ndani yake mna redio au amplifaya ambayo majirani wote watakuja kuitazama. Ukilipokea sanduku hilo, nakusihi ujizuie kwa dakika tano tu kabla ya kutafuta soketi.

Sisi hatukujizuia. Binamu yangu alikuwa amerejea kutoka Marekani baada ya miaka sita, na zawadi aliyomletea mama yake, yaani shangazi yangu, huko Nakuru ilikuwa redio kubwa ya mezani, yenye kaseti, sidii, spika mbili na saa ya tarakimu za kijani. Plagi yake ilikuwa na pini mbili bapa ambazo hazikuingia katika soketi ya ukutani. Kijana mmoja akatumwa dukani, akarudi mbio na adapta. Pini zikaingia bila taabu, redio ikawaka, nasi tukapiga makofi.

Wimbo haukumaliza hata ubeti mmoja. Redio ilianza kunguruma kama mzinga wa nyuki, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni, kisha moshi ukafuka kupitia matundu ya nyuma. Shangazi ndiye aliyewahi kuzima swichi ya ukutani. Sisi vijana tulikuwa tumekimbilia mlangoni.

Fundi aliyeletewa redio hiyo siku ya pili hakuifungua kwanza. Aliigeuza, akapangusa vumbi mgongoni mwake na kumwonyesha shangazi kibandiko kidogo kilichoandikwa AC 120V 60Hz. "Mama," akamwambia, "redio hii haikuwa na ubovu. Mmeilisha chakula cha redio mbili."

Volti zinavyotofautiana

Stima inayoingia nyumbani kwako hapa Kenya imepangiwa volti 240. Volti ni kipimo cha msukumo. Ukiweka tangi la maji juu ya mnara, maji hutoka mferejini kwa nguvu, na ukiliweka chini hutoka kwa unyonge. Marekani na Kanada hutumia msukumo wa volti 120 hivi, na Japani hutumia volti 100 tu. Nchi nyingi za Ulaya pamoja na Uingereza zimekubaliana juu ya volti 230, na tofauti hiyo ndogo na yetu haina madhara kwa vyombo vyao.

Basi usidhani kwamba volti zikiongezeka mara mbili, joto nalo huongezeka mara mbili. Katika waya ule ule, msukumo ukiwa mara mbili joto huwa mara nne. Chombo cha Japani cha volti 100 ukikipa 240, hesabu hukaribia mara sita. Tena redio na amplifaya nyingi za zamani zina transfoma, yaani kile kipande kizito cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Chuma hicho kikizidiwa na volti hushindwa kabisa kuuzuia mkondo, nao hufurika. Huo ndio mngurumo tuliousikia sebuleni kwa shangazi. Kama chombo kina bahati, fyuzi yake ya ndani hukatika mapema na hasara huishia hapo.

Jambo likiwa kinyume hakuna maafa. Redio yetu ya volti 240 ukiipeleka Marekani itakuwa dhaifu au itakataa kuwaka, lakini haitaungua.

Huenda ukauliza ni kwa nini walimwengu hawakuafikiana tangu mwanzo. Jibu ni kwamba kila aliyetangulia alifuata alichonunua. Kampuni ya Thomas Edison ilianza kuuza stima jijini New York mwaka wa 1882 kwa volti zipatazo 110, kwa kuwa ndizo zilizofaa taa zake, na Wamarekani hawakusogea mbali sana na hapo. Huko Berlin, kuelekea mwaka wa 1900, wenye stima waliona kwamba wakiongeza volti wangewafikia wateja wengi kwa nyaya zile zile, wakapanda hadi 220. Japani ndiyo kichekesho: Tokyo ilinunua mitambo ya Ujerumani na Osaka ikanunua ya Marekani, na hadi leo mashariki ya nchi hiyo stima huzunguka mara 50 kwa sekunde, ilhali magharibi huzunguka mara 60. Sisi tuliachiwa mfumo wa Mwingereza pamoja na plagi yake ya pini tatu, ambayo sheria zake ziliandikwa mwaka wa 1947.

Adapta haipunguzi kitu

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Adapta ya bei nafuu inayouzwa madukani na vibandani hubadilisha umbo la pini tu. Ndani yake mna vipande vya shaba, basi. Volti 240 zinazoingia upande mmoja ndizo zinazotoka upande wa pili. Adapta inafaa kwa chombo ambacho tayari kinaweza kubeba stima yetu.

Utakijuaje? Kigeuze ukisome. Kikiandikwa 100-240V, kama zilivyoandikwa chaja nyingi za simu na kompyuta za siku hizi, kitakula stima ya nchi yoyote, nawe utahitaji adapta tu au waya mwingine. Kikiandikwa 220V, 230V au 240V na 50Hz, ni cha kwetu. Kikiandikwa 120V, 117V au 100V peke yake, kiweke chini.

Vingine vina swichi ya kuchagulia volti, ambayo hugeuzwa kwa bisibisi au sarafu. Hivyo ndivyo vyombo vizuri kabisa vya kununua, lakini swichi hiyo huachwa mahali ilipokuwa katika nchi kilikotoka, nawe ukichomeka bila kuitazama utalia kama sisi. Igeuze hadi 240, au 230 kama hiyo ndiyo iliyopo, waya ukiwa umechomolewa kabisa. Soma pia maandishi yaliyo kando ya fyuzi, kwani mara nyingi kifaa kikihamishwa kutoka 120 hadi 240 hutakiwa fyuzi ya nusu ya ampia za awali.

Maneno "Made in Japan" yasikutie hofu wala matumaini, kwa sababu Wajapani hutengenezea ulimwengu mzima. Kuna dalili moja ambayo wenye magari yaliyotumika Japani wanaifahamu vyema: tazama mistari ya FM. Redio za Wajapani wa nyumbani kwa miaka mingi zilianzia 76 na kuishia 90. Ukiona redio ya mezani ambayo sindano yake inagota 90, ujue ilitengenezewa sebule ya Japani, na yaelekea ni ya volti 100. Itakuunguzia pesa, na hata ukiiokoa haitashika stesheni zilizo juu ya 90.

Dawa ya vyombo hivi ni transfoma ya kupunguza volti, ile ambayo upande mmoja huingia 240 na mwingine hutoka 110 au 100. Ikamate mkononi kabla ya kulipa. Transfoma ya kweli ni nzito, na ile inayodai kubeba wati 1,000 huku ikiwa nyepesi kama kikombe mwachie mwenye duka. Soma wati za chombo chako, kisha ununue transfoma ya wati mara mbili hivi. Amplifaya iliyoandikwa 450W ipe transfoma ya 1,000W.

Hata hivyo transfoma haigusi ile mizunguko 50 au 60. Kwa redio nyingi hilo si neno. Lakini mashine ya zamani ya kuchezea santuri, ambayo mota yake hufuata mizunguko ya stima, ikitoka Marekani itacheza polepole: sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 kwa dakika itazunguka mara 28 hivi, na mwimbaji wa kike atasikika kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Pini ya tatu na maisha ya watu

Mpaka hapa nimezungumza juu ya pesa. Sasa sikiliza hili, hasa ikiwa wewe ni mwanakwaya, mchungaji au mpigaji muziki wa harusi.

Pini ile ndefu ya juu katika plagi yetu ni ya athi, yaani waya unaokwenda ardhini. Kazi yake ni kwamba waya wenye moto ukigusa bati la amplifaya, stima ikimbilie ardhini na kukata fyuzi badala ya kumngoja mtu aguse. Urefu wa pini hiyo pia una maana, kwani ndiyo hufungua vifuniko vidogo vilivyo ndani ya soketi. Na wewe unajua, kama mimi nijuavyo, jinsi tunavyovifungua: tunasukuma kalamu au kijiti katika tundu la juu, kisha tunalazimisha plagi ya pini mbili za mviringo kule chini. Plagi hiyo hulegea na kutoa cheche, wala haina fyuzi ndani yake. Na ikiwa chombo chenyewe kilihitaji athi, basi athi haipo.

Wapo pia mafundi wa muziki ambao wakisikia spika zinavuma hukata waya wa athi makusudi, na mvumo hutulia. Wanachokuwa wamefanya ni hiki: gitaa liko kwenye amplifaya isiyo na athi, maikrofoni iko kwenye mashine nyingine yenye athi, na mwimbaji ameshika nyuzi za gitaa kwa mkono huku midomo yake ikikaribia chuma cha maikrofoni. Amplifaya ile ikipata hitilafu, yeye ndiye waya.

Sikutishi kwa hadithi. Mwezi wa Mei mwaka wa 1972, mjini Swansea huko Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mbele ya watu alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na athi sawasawa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2005, mjini Waco, Texas, mchungaji aliuawa na stima aliponyoosha mkono kuishika maikrofoni akiwa ndani ya kisima cha ubatizo. Makanisa yetu mengi hupokea vyombo kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, na mengi hubatiza kwa maji mengi. Wazee wa kanisa na wampe fundi wa stima nusu siku apime athi ya kila soketi ya madhabahuni.

Wala usitegemee kwamba fyuzi itamwokoa mtu. Fyuzi ya ampia 3 hulinda waya usiungue. Moyo wa binadamu unaweza kuvurugwa na mkondo usiofika hata sehemu moja kwa kumi ya ampia. Kinachoweza kumwokoa ni kile kikata stima kiitwacho RCD, ambacho hukata mara tu milliampia 30 zinapopotea njia. Kama nyumba au kanisa lako halina, ulizia bei yake. Nayo fyuzi ya plagi ya redio iwe ya 3. Ile ya 13 iliyokuja na plagi ni ya birika na pasi, na karatasi ya sigara si fyuzi kamwe.

Kuna rangi pia, ambazo zimewaponza mafundi wazoefu. Katika waya wa siku hizi wa kwetu na wa Ulaya, wa hudhurungi ndio wenye moto, wa buluu ni nyutro, na wenye mistari ya kijani na manjano ni athi. Katika nyumba zetu za zamani, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Sasa katika waya wa Marekani, mweusi ndio wenye moto, na mweupe ni nyutro! Fundi aliyelelewa katika nyumba za zamani akikata plagi ya Marekani na kufunga yetu, ataupeleka mweusi kwenye nyutro kwa mazoea. Redio itaimba vizuri kabisa, ila ukiizima kwa swichi yake stima itabaki imejaa ndani. Mwambie aseme kwa sauti rangi za nchi gani anazifuata kabla hajakaza skrubu.

Ukikuta chombo kina nyaya mbili tu, tafuta alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Ikiwepo, kiliundwa kutumiwa bila athi. Vinginevyo usikifungue mwenyewe ili kuchungulia, hata kama umekichomoa, kwa maana ndani ya amplifaya mna vihifadhi stima ambavyo vinaweza kukupiga baada ya waya kutoka ukutani.

Redio ya shangazi ilipona. Fundi alitoa transfoma iliyoungua, akaweka nyingine ya volti 240 na kubadilisha vipande vitatu vilivyokuwa vimepasuka, kwa bei ambayo binamu yangu hakupenda kuitaja. Inaimba mpaka leo, sidii na kaseti. Ni saa tu iliyoshindikana, kwani huhesabu mizunguko ya stima ikidhani iko Marekani, na kila saa moja huchelewa dakika kumi. Mwanzoni shangazi alikuwa akiirekebisha asubuhi na jioni. Siku hizi amebandika plasta juu ya zile tarakimu za kijani.