Mzazi, usiuze vitunguu mwanao akanunue asaimenti

MKULIMA anapouza magunia yake ya vitunguu ili kumsomesha mtoto chuo kikuu, anaamini kwamba amewekeza. Ni kweli amewekeza. Lakini mbegu haioti kwa sababu tu imenunuliwa, na elimu nayo haizai kwa sababu tu ada imelipwa.

Katika vyuo vyetu vingi, kazi za katikati ya muhula, yaani majaribio, kazi za vikundi na zile ambazo wanafunzi huziita asaimenti, huchukua takriban alama 40 kati ya 100. Zinazobaki ni za mtihani wa mwisho. Kwa anayesoma biashara, uhasibu au uchumi kilimo, humo ndimo anamojifunza kukokotoa gharama, kupanga bei na kuona hasara kabla haijamfikia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wapo wanafunzi wasiozifanya. Wengine hunakili kwa wenzao, wengine huwalipa watu wawaandikie, na siku hizi wapo wanaoiagiza programu ya akili unde ifanye kila kitu, wao wakabaki kuweka jina juu ya karatasi. Nalijua vizuri suala hili kwa sababu nami niliwahi kunakili.

Sifuri iliyonirudisha shambani

Mwaka 2011 nilikuwa mwaka wa pili, nikisomea uchumi kilimo. Mwalimu alitutaka kila mmoja achague zao moja, akokotoe mapato na gharama zake kwa ekari moja. Nilichukua kazi ya mwenzangu kuhusu mahindi, nikabadili tarakimu chache na jina. Mwalimu aligundua kwa sababu wote wawili tulikosea kujumlisha mahali palepale. Tukapata sifuri.

Alinipa nafasi moja tu. Niende nyumbani wakati wa likizo, nirudi na hesabu ya shamba ninalolijua, na aliyelima aweke saini yake chini.

Kwetu ni bonde la Mang'ola, wilayani Karatu, ambako maji ya chemchemi huingizwa kwa mifereji kwenye majaruba ya vitunguu. Vitunguu hivyo ndivyo vilivyonilipia matumizi ya chuoni. Nilipomwomba baba tukae tupige hesabu, alicheka. "Hesabu gani tena, mwanangu? Msimu huu nimepata milioni moja na nusu."

Ekari yake ilikuwa imetoa magunia 40. Aliuza kila gunia shilingi 60,000, jumla shilingi 2,400,000. Gharama alizozikumbuka zilikuwa mbegu na kitalu 200,000, mbolea na dawa 310,000, kulima 180,000 na vibarua wa kupandikiza 240,000. Jumla 930,000. Kwa hesabu hiyo, baba alikuwa sahihi.

Nikamuuliza hatua kwa hatua, tangu kitalu hadi gari la mnunuzi. Yakajitokeza mengine: kukodi shamba 250,000, ada ya maji 60,000, vibarua wa kumwagilia 200,000, palizi 220,000, kuvuna na kukata majani 200,000, magunia na kamba 80,000. Gharama zikafika 1,940,000. Kilichobaki kilikuwa shilingi 460,000.

Hata hivyo, kazi ilikuwa bado. Mama na wadogo zangu wawili walikuwa wamefanya kazi shambani jumla ya siku 160 bila kulipwa. Kibarua wakati ule alilipwa 3,000 kwa siku, kwa hiyo nguvu yao ilikuwa na thamani ya 480,000. Ile faida ikawa hasara ya shilingi 20,000. Mama, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akasema, "Kumbe faida yenyewe ilikuwa mgongo wangu."

Gunia lenye mlima

Swali la mwisho la mwalimu lilitaka bei kwa kilo. Hapo ndipo tulipoazima mizani na kupima gunia moja lililokuwa limebaki. Lilikuwa lumbesa, limeshonewa kilemba juu kama kawaida, na likasoma kilo 130.

Baba alidhani anauza kilo moja kwa shilingi 600, kumbe alikuwa anauza kwa takriban 460. Mzigo wake wote ulikuwa kilo 5,200, sawa na magunia 52 ya kilo mia mia. Kwa bei ileile ya gunia, tofauti ni shilingi 720,000.

Sisemi kwamba angezipata zote, kwa sababu mnunuzi naye angeshusha bei ya gunia dogo. Lakini anayeuza bila kujua uzito hana hata pa kuanzia kubishana. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, ila sheria peke yake haimfungui macho mkulima asiye na mizani.

Msimu uliofuata baba na majirani wawili walichanga wakanunua mizani. Wanunuzi kadhaa waliondoa magari yao. Mmoja alibaki, wakakubaliana bei ya kilo. Haikuwa 600, lakini ilizidi 460. Nami nilirudi chuoni na karatasi yenye saini ya baba, nikapata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata.

Namna ya kuifanya kazi

Kwanza, soma kitenzi cha swali. "Eleza", "linganisha" na "tathmini" ni kazi tatu tofauti. Anayeombwa kutathmini akaishia kueleza amepoteza alama hata kama kila alichoandika ni kweli. Kanuni hii ni hiyohiyo kwa anayesoma sheria, ualimu au sosholojia.

Pili, tafuta mfano ulio karibu nawe: shamba la nyumbani, genge la shangazi, mashine ya kusaga ya kijiji. Takwimu ulizokusanya mwenyewe ni vigumu kuzinakili, na ni rahisi kuzitetea mwalimu akikuuliza.

Tatu, kagua vipimo. Usichanganye ekari na hekta, wala gunia na kilo.

Nne, taja ulikotoa kila wazo la mtu mwingine. Kompyuta itumike kukagua hesabu au kukufafanulia jambo gumu pale chuo kinaporuhusu. Usiipe kazi ya kufikiri.

Tano, anza wiki ile ile unayopewa swali. Usiku mmoja kabla ya kukusanya ndipo kishawishi cha kununua kinapokuja.

Kwa mfanyabiashara anayesoma

Wapo wafanyabiashara wadogo wanaosoma huku wakiendesha maduka, hasa katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hawa wana maabara mkononi.

Chukulia unauza unga kwa mifuko ya kilo 25. Kodi ya fremu ni 80,000 kwa mwezi, mlinzi 20,000 na umeme 20,000, jumla 120,000. Ukipata 2,000 juu ya bei ya kununulia kila mfuko, gawanya 120,000 kwa 2,000. Lazima uuze mifuko 60 ndipo gharama zirudi, na mfuko wa 61 ndio wa kwanza kukupa faida. Ukipunguza bei kwa 500 ili kuvuta wateja, unabaki na 1,500 kwa mfuko na sasa unahitaji kuuza 80. Swali hilo liko kwenye vitabu vya biashara, na jibu lake liko kwenye daftari lako la mauzo.

Mzazi afanye nini?

Mwanao anapokuja likizo, usimuulize tu amefaulu au amefeli. Mwambie akuonyeshe kazi aliyoifanya, kisha akupigie hesabu ya shamba lako mbele yako. Mpe risiti na mpeleke shambani, na usimfiche deni. Akiweza, utajua ada yako inazaa. Akishindwa, ni heri ujue sasa, kabla hujapakia magunia mengine kwenye gari.

Na kabla hujayapakia, yapime.