Mwalimu wa Chekechea na Maadili ya Kazi Yake

Maadili ya kitaaluma ni wajibu ambao watu wa kazi moja hukubaliana kujifunga nao, zaidi ya yale ambayo kila mtu mwema huyafuata nyumbani kwake, kwa sababu kazi hiyo huwapa uwezo juu ya wengine. Katika elimu ya awali uwezo huo ni mkubwa mno, kwani mtoto wa miaka minne aliyekatazwa kwenda msalani, aliyenyimwa uji au aliyeaibishwa mbele ya wenzake mara nyingi hana maneno ya kulieleza jambo hilo, wala hajui kwamba ametendewa kinyume cha haki. Na mzazi aliyemwacha langoni asubuhi huzipata habari za siku nzima kutoka kwa mwalimu yuleyule aliyemtendea.

Ndiyo maana chama cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo cha Marekani, NAEYC, kilipopitisha kanuni zake za maadili mwaka 1989, kilitanguliza kanuni ya kutomdhuru mtoto na kutamka wazi kwamba inazishinda nyingine zote. Kanuni hizo, ambazo Stephanie Feeney, mtaalamu wa elimu ya awali, na Kenneth Kipnis, mwanafalsafa, wote wa Chuo Kikuu cha Hawaii, walichangia sana kuziandaa, zinagusa wajibu wa mwalimu kwa watoto, familia, wafanyakazi wenzake na jamii. Aidha, zinatenganisha wajibu wa kimaadili, ambao mwalimu hana budi kuutimiza hata ukimgharimu, na mtanziko wa kimaadili, yaani hali ambamo kila njia ina haki ndani yake na kuifuata moja ni kuikosea nyingine.

Mfano unaotumiwa kufundishia mtanziko ni wa mama anayeomba mwanawe asilazwe mchana shuleni, kwa kuwa akilala huko hukawia kusinzia usiku, ilhali mama mwenyewe anapaswa kudamka kwenda kazini. Mwalimu naye huona kwamba mtoto huyo, akikosa usingizi wa mchana, hushinda akilia na kugombana na wenzake. Mwalimu anayemtii mama ili kuepuka ugomvi, au anayempuuza kwa kuwa yeye ndiye msomi, hajautatua mtanziko bali ameukwepa. Utaalamu unamtaka kwanza aulize mtoto hulala saa ngapi nyumbani, ajaribu kuufupisha usingizi wa mchana au kuuanza mapema, na mapatano yakishindikana aamue kwa kuzingatia maslahi ya mtoto, kisha amweleze mama uamuzi huo na sababu zake ana kwa ana.

Si kila jambo gumu ni mtanziko. Nchini Kenya, ambako Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko, kwa hiyo mwalimu anayejitetea kwamba mzazi ndiye aliyemtuma amchape mtoto hana utetezi wowote.

Suala la picha za watoto linahitaji uangalifu zaidi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaruhusu taarifa za mtoto zitumiwe iwapo tu masharti mawili yametimia kwa pamoja: mzazi au mlezi ameridhia, na matumizi yenyewe yanalinda na kuendeleza haki na maslahi ya mtoto. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule nyingi hulikumbuka sharti la kwanza tu, zikadhani kwamba fomu iliyotiwa saini siku ya kuandikishwa inahalalisha kila kitu, hata picha ya mtoto aliyejikojolea, kamasi zikimtiririka, inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ili wacheke pamoja. Saini ya mzazi haiwezi kuihalalisha fedheha hiyo. Mwalimu mkuu anayetaka kujua hali ya maadili shuleni kwake na aanze kwa kuwauliza walimu ni picha gani za watoto zimo katika simu zao, na zilipigwa kwa faida ya nani.